Giza Letu Lirudishwe Mikononi mwa Umma

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, msomaji wako wa siku nyingi, ingawa siku hizi gazeti lako nalisomea dirishani kwa mwanga wa taa ya barabarani. Nimefuatilia mabishano mnayochapisha, kama umeme uwe wa umma au wa kampuni binafsi. Waheshimiwa wote wanagombania mwanga. Hakuna anayelitetea giza. Naomba nilisemee mimi.

1. Enzi za shirika la umma, giza lilikuwa letu sote. Umeme ukikatika, jengo zima lilipiga kelele kwa pamoja, kisha milango ikafunguka. Nesi wa mlango wa pili alileta mshumaa, muuza nyama alileta vichekesho, na jirani tuliyenuniana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo aliniuliza hali, kwa kuwa gizani hakunitambua. Tangu kampuni ichukue mtaa wetu, umeme unakatika kwangu tu. Mara ya kwanza nilitoka koridoni nikapaza sauti, "Umekatika!" Milango yote inang'aa. Nesi akachungulia, akasema, "Pole fundi, ni kwako." Sijawahi kuonewa huruma namna ile na mtu ambaye feni yake inazunguka.

2. Zamani nilikuwa na sababu. Nguo ikichelewa nilisema "umeme", mteja na mimi tukasikitika, tukailaani serikali, akaondoka tukiwa marafiki. Juzi bibi harusi mtarajiwa alinijibu, "Umeme gani, fundi, na friji ya bucha inanguruma hapo chini?" Ikabidi nishone kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na gauni likawa tayari siku niliyoahidi. Mhariri, tangu nianze kazi hii jambo hilo lilikuwa halijawahi kunitokea. Sasa wateja wote wanalitarajia.

3. Familia imegawanyika. Baba mkwe ni mstaafu wa shirika la umma. Ujana wake wote uliishia juu ya nguzo. Shemeji yangu, kitinda mimba wake, anapokea simu za malalamiko kwenye kampuni. Jumapili wakija kula kwangu, mzee anaanza: "Umeme ni mali ya wananchi!" Shemeji anajibu, "Ndiyo baba, na walikuwa wanakaa nao gizani." Mzee anasusa chakula. Niliposema kila mmoja ana hoja yake, wote wawili wakanisusa mimi.

4. Hata wa kumtukana hatuna. Zamani nilimtukana waziri nikalala vizuri. Nikiwapigia kampuni, napokelewa na sauti laini ya mama mmoja iliyorekodiwa, ikiniambia simu yangu ni muhimu sana. Nimejikuta namwamkia.

Kwa hiyo napendekeza: mwanga, kampuni ibaki nao ifanye biashara. Giza litaifishwe. Liundiwe bodi, baba mkwe awe mwenyekiti, nalo ligawiwe kwa haki, nyumba hadi nyumba, bila kuwabagua mafundi cherehani.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yule bwana wa katuni anayewachora mawaziri wembamba kuliko walivyo.

Wako katika giza la binafsi,
Fundi wa Ghorofa ya Tatu

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, shemeji amekuja na habari kwamba kampuni haijanikatia umeme hata mara moja. Baba mkwe akapanda kiti, mwanawe akakishikilia, wakafungua kisanduku cha umeme nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi sikuwahi kukigusa. Adui nilikuwa namjua tayari. Swichi kuu ilikuwa imeshushwa. Sote tukamgeukia mke wangu. Wala hakuona haya. "Umeme ukiwepo anaongea na cherehani," aliwaambia. "Ukikatika anakuja kukaa na mimi. Mlitaka nifanyeje?" Mzee akasema hayo ndiyo madhara ya kampuni binafsi. Shemeji akasema ni tabia zilizorithiwa kutoka shirika la umma.

Basi Mhariri, barua hii usiichapishe. Jana jioni mke wangu alipotaka kuinuka nilimwambia akae, nikaenda kuishusha swichi mwenyewe.