Vita vya Elieshi wa Nangara na Matundu Mawili ya Chini

Enyi watu wa Babati, ninyi wa Singe mtokao mashambani na ninyi wa stendi mgombeao abiria, shusheni mizigo mkae, niwasimulie vita alivyopigana Elieshi wa Nangara, simba wa misumari na mabati, mwenye duka lisilopungukiwa bawaba, siku alipompeleka mpwa wake Evelyne kanisani kufunga ndoa.

Alikuwa amemwapia dada yake kwamba bibi harusi atashuka kwenye gari lake jipya la umeme, wala si kwenye bajaji. Lakini usiku ule umeme ulikatika Nangara, na gari likaamka na njaa. Ndipo shujaa akaliendesha polepole kwa chaji iliyobaki mpaka kwenye mashine ya chaji ya haraka iliyosimikwa uani mwa gesti moja ambako umeme haukukatika, Evelyne akiwa kiti cha nyuma na shela lake.

Plagi ya mashine ile ilikuwa nene kama mchi. Elieshi akaishika kwa mikono miwili, akaisukuma kwa bega, jasho likamchuruzikia mpaka kwenye tai. Plagi ikagoma.

"Ewe plagi," akanguruma, "mimi nimefungua makufuli yaliyowashinda wenye funguo. Wewe ni nani unizuie mbele ya mtoto wa dada yangu?"

Modesti, mlinzi wa gesti, akajibu kwa upole. "Baba Kindness, hiyo hata kifaru haiingizi. Mimi naona nikuitie bajaji tu."

Neno bajaji lilimchoma kuliko mkuki. Akapiga goti vumbini na suti yake, akaacha kusukuma, akaanza kutazama. Plagi ilikuwa na duara la vitundu vidogo juu, na chini yake matundu mawili makubwa. Garini, duara la juu lilikuwepo, lile analochomekea waya kila siku nyumbani. Chini yake palikuwa na kifuniko cha mpira mweusi, bado kimevaa nailoni ya kiwandani, naye siku zote alikidhani pambo. Maana kwa Elieshi kitu kipya hakivuliwi nailoni, si kochi, si rimoti.

"Evelyne mwanangu," akasema, "sasa nimeelewa. Huku juu ndiko gari na mashine huamkiana, shikamoo, marahaba, zikakubaliana kiasi cha kupokea. Huku chini ndiko umeme mzito hupita. Mimi nimemfungia mgeni mlango, kisha namgombeza kwa kubisha."

"Basi fungua, mjomba," akasema Evelyne. "Makochi yako tumeyakalia na nailoni tangu utotoni, jasho tunalijua."

Shujaa akafumba macho. Akaichana nailoni, na ilimuuma kweli, akaung'oa ule mpira, weusi wake ukamganda vidoleni. Plagi ikazama yote, ikajifunga kwa mlio mdogo, na taa ya mashine ikawa kijani. Kabla Modesti hajamaliza chai yake, gari lilikuwa limeshiba vya kutosha.

Wakafika kanisani kwaya ikirudia wimbo kwa kukosa la kufanya. Elieshi akampa mpwa wake mkono ashuke, na vidole vyake vikaacha alama nyeusi juu ya glavu nyeupe. Dada yake akaja mbio na kitambaa.

"Acha, mama," akasema Evelyne. "Mjomba ametoka vitani kwa ajili yangu. Naingia nayo hivi hivi."

Na picha ya harusi ile ipo ukutani kwa Evelyne hadi leo, vidole vyeusi juu ya weupe, na kila mgeni akiuliza huambiwa kuwa hiyo ni saini ya Elieshi, siku Babati ilipoushinda umeme wa kasi.