Kopo Moja Tu la Pati

Kutu yote ya mkoa wa Tabora ilikuwa inamwogopa Kornel. Ushahidi? Kornel mwenyewe alisema! Na kwa wasiosikia vizuri, aliandika kwenye kibao cha gereji yake pale Itetemia: KORNEL BODI NA RANGI – KUTU IKISIKIA JINA INAHAMA. Kibao chenyewe kilikuwa cha bati, na kona yake ya chini ilishaanza kuliwa na kutu, lakini Kornel hakuwa mtu wa kutazama chini.

Kijana huyu alimpenda Agnetha, muuza asali wa sokoni, binti wa Mzee Benjamini wa Urambo. Alimpenda kweli, hapo hakuna utani. Akimwona tu alisahau kujisifu kwa dakika nzima, na kwa Kornel dakika nzima bila kujisifu ni mfungo kamili!

Barua ya posa kwa kawaida huandikwa na wazee. Kornel aliona wazee wa ukoo wake hawana maneno ya kumtosha, akaketi akaiandika mwenyewe, kurasa tatu mbele na nyuma. Mjomba wake kazi yake ilikuwa kutia sahihi na kuifikisha Urambo.

Jumatatu asubuhi, Mzee Benjamini akaingia gereji na pikapu yake. Alikuwa mrina asali wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Pikapu ilikuwa imeliwa milangoni kiasi kwamba ukikaa ndani, milango ikiwa imefungwa, unaona kuku wakipita nje.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Nasikia wewe kutu inakukimbia."

"Inakimbia, baba! Juzi nimeitazama tu Land Rover moja, kutu ikadondoka yenyewe!"

Mzee hakucheka. Alitoa bahasha mfukoni, bado imefungwa vilevile, akaiweka kwenye kile kisanduku cha dashibodi cha kuwekea karatasi za gari.

"Barua yako imo humu. Jumapili baada ya ibada ndugu zangu wanakuja nyumbani. Niletee gari halina tundu, nitaifungua palepale mbele yao. Nikiona tundu, utaichukua urudi nayo kwa mjomba wako."

"Baba, Jumapili gari lako hutalijua!"

Katika yote aliyowahi kusema Kornel, hili moja lilitimia.

Jioni Agnetha akapiga simu. "Kornel, nakuomba kitu kimoja. Mbele ya baba usiongee. Fanya kazi tu."

"Nitafanya vyote viwili!"

Agnetha akakata simu.

Jumanne Kornel akaenda duka la vipuri. Muuzaji akamuuliza kama makopo mawili ya pati, ile ya kuzibia matundu ya bodi, yatatosha kwa kutu kubwa namna ile. Kornel akacheka mpaka wateja wakageuka. "Kopo moja tu! Mawili wanahitaji mafundi wa kubahatisha!"

Akarudi, akakwangua kutu, akapiga msasa, akachanganya pati kopo zima pamoja na dawa yake ya kugandisha. Ndipo wakapita jamaa wawili wanaomfahamu, naye akaanza kuwasimulia jinsi atakavyoziba matundu yale. Alisimulia vizuri mno, kwa vitendo. Alipogeuka, pati ilikuwa jiwe, na mwiko umesimama ndani yake kama mlingoti wa bendera ya shule.

Mtu mwingine angerudi dukani. Lakini angerudije, na wateja wale walishasikia habari ya mafundi wa kubahatisha? Kornel akazunguka na ile aibu yake Jumatano nzima, na Alhamisi pia.

Ijumaa, akisafisha nyuma ya kiti cha pikapu, akakuta mfuko. Ndani yake mna nta ya nyuki, donge kubwa la duara lililogandishiwa kwenye sufuria, zito, la manjano. Akaligonga. Gumu! Akalipapasa. Laini! Akaona kwamba lina sifa zote za pati, ila halikubahatika kuuzwa kwenye kopo.

Akaiyeyusha kwenye jiko la Magreth, mama lishe wa jirani.

"Kornel, hiyo si nta?"

"Hii ni pati ya asili, dada Magreth. Utaalamu wa ndani."

"Kwetu mzinga mpya tunaupaka nta ili nyuki waje."

"Nyuki wa porini wanajua nini kuhusu magari?"

"Ukiwapakia watajifunza," alisema Magreth, akaendelea kukoroga maharage yake.

Kornel akaziba tundu moja baada ya jingine. Jumamosi akawasha kompresa, ikakohoa, ikashika, naye akapiga rangi ile ya maziwa aliyoitaka mzee. Haki yake tumpe: pikapu iling'aa! Magreth alifunga kilemba akijitazama kwenye mlango wa gari. Kornel akaipiga picha akamtumia Agnetha, na Agnetha akajibu: "Limependeza mno! Nimefurahi. Sasa kumbuka nilichokuomba."

Jumapili alfajiri akashika njia ya Urambo. Upepo ulikuwa wa baridi na nta ilitulia kama haipo. Kornel akajiona mkuu wa msafara. Njia hii wapagazi wa zamani waliipita wakielekea Ujiji na mizigo kichwani, lakini nani kati yao alikuwa na kioo cha kujitazama meno?

Akafika watu wakiwa ndio wametoka kanisani. Vigelegele! Mzee Benjamini akalizunguka gari polepole, akipitisha kiganja kwenye milango. Jua la Oktoba lilikuwa linapanda. Agnetha alisimama mlangoni mwa nyumba, mikono ameikunja kifuani.

"Hamna tundu," mzee akasema. Akafungua mlango wa gari, akaunyoosha mkono kuelekea kile kisanduku.

Hapo ndipo Kornel alipopaswa kukaa kimya. Sekunde kumi tu!

"Subiri kwanza, baba! Watu waelezwe kazi!"

Mzee akarudisha mkono. Agnetha akafumba macho.

Kornel akapanda nyuma ya pikapu akahutubia. Alianza na kutu kwa ujumla, akaja kutu ya Urambo, akaingia utoto wake. Nusu saa ikapita. Jua likafika utosini. Rangi ya mlango wa kushoto ikafanya kikunyanzi kimoja, halafu kumi, halafu mlango mzima ukawa kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Tone la manjano likateremka taratibu mpaka chini.

Nyuki mmoja akaja kuangalia. Akaondoka. Akarudi na ukoo!

Watu walitawanyika wakiacha viti, sahani na kiatu kimoja cha shangazi. Kornel aliruka kutoka nyuma ya pikapu akatua nyuma ya tanki la maji. Nyuki waliingia kwa madirisha na kwa yale matundu, ambayo sasa yalikuwa yote yamefunguka. Aliyebaki amesimama ni Mzee Benjamini peke yake. Alichovya kidole kwenye mlango, akanusa.

"Hii ni nta yangu," akasema. "Naitafuta tangu Jumatatu."

"Baba, nilikuwa..."

"Barua imo humo ndani. Ilete."

"Lakini nyuki, baba!"

"Kutu inakukimbia. Nyuki watakushindaje?"

Kornel akatazama dirisha la nyumba. Kwa ndani Agnetha alikuwa anatikisa kichwa, usiende, usiende! Na moyo ulimuuma kijana wa watu, maana aliona waziwazi kwamba barua ile ikibaki mle, naye amebaki nje. Akajifunika shati kichwani, akaenda.

Alitoka na bahasha. Alitoka pia na uso mwingine. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa, mdomo umevimba kama andazi lililozidiwa hamira, na masikio yamesimama kila moja kwa njia yake. Agnetha akamkalisha barazani akaanza kumtoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, huku akilia na kucheka kwa pamoja.

Mzee Benjamini akavaa miwani. Nyuki walipotulia ndani ya gari, ndugu wakasogea. Akafungua bahasha, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Mimi Kornel, kijana mtanashati, mwenye sura inayosimamisha biashara sokoni, fundi nisiye na mpinzani toka Igunga hadi Urambo..."

Akainua macho juu ya miwani, akamtazama Kornel kwa muda mrefu. Kornel naye akamtazama, kwa lile jicho lililobaki.

"Agnetha," mzee akauliza, "kijana huyu wa kwenye barua unamfahamu?"

"Hapana, baba. Ninayemfahamu ni huyu wa hapa."

Mzee akaikunja barua akairudisha kwenye bahasha.

"Basi huyu wa hapa aandikiwe ya kwake. Ukurasa mmoja, na waandike wazee. Siku akija nayo, gari langu litakuwa hapahapa linamsubiri. Aje na kopo la pati."

Kornel akajaribu kusema. Mdomo ulikataa, akajaribu tena, kwa taabu, mpaka maneno yakatoka.

"Mawili, baba."