Malalamiko Kuhusu Bunduki Isiyo na Kosa

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Wawindaji ya Sweetgum,
Alabama.

YAH: BUNDUKI NILIYOMNUNULIA MUME WANGU KUPIGA PALE PALE INAPOELEKEZWA

Shemeji Hollis, Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini mgongo wako umepoa. Sisi huku wazima, isipokuwa mdogo wako Delmas, ambaye tangu Jumapili amekaa jikoni kwangu akipanga vikopo vya viungo kwa alfabeti. Jana nilitafuta chumvi mpaka nikataka kulia. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Najua wewe ni mtu wa kuchekacheka. Nakuomba kwa heshima zote uimalize barua kwanza, ndipo ucheke.

1. Mashati. Sheria ya kambi yenu naijua: anayemkosa kulungu hukatwa mkia wa shati, likaandikwa jina lake, na kipande kikapigiliwa ukutani juu ya jiko. Sina ugomvi na mila ya marehemu baba mkwe. Lakini ukuta ule, Shemeji, una upande mzima wa Delmas! Niliuona siku ya karamu ya samaki nikakosa hamu ya kula. Lipo shati la kanisani. Lipo shati nililomshonea kwa mikono hii. Siku hizi mume wangu mbele anaonekana mtu mzima, nyuma mtoto wa chekechea. Akiinama kupokea sahani ya sadaka, Wabaptisti wote wa benchi la nyuma wanatazama dari.

2. Kiapo. Mlipomkata mara ya mwisho alirudi nyumbani akasimama mlangoni akasema, "Arvella, yatosha. Nikikosa tena, namrudishia kaka ufunguo wa geti la kambi. Mimi na kuwinda basi." Akalala na buti zake. Hapo sikucheka, Shemeji. Tangu astaafu kwenye kiwanda cha karatasi hana pengine pa kwenda. Na ninyi wawili hampigiani simu hata Krismasi. Mnaongea pale pale kambini tu, mkikaanga soseji na kubishana nani kaunguza. Akirudisha ufunguo, ndiyo mwisho wa maneno yenu. Halafu mimi nitabaki naye nyumbani. Nampenda sana mume wangu, na nampenda zaidi akiwa juu ya dungu lake la kuvizia kulungu, mbali na sufuria zangu.

3. Ununuzi. Nikajiambia kosa si la Delmas, ni la bunduki aliyoachiwa na marehemu baba mkwe: kitako kimefungwa utepe, na darubini ina ukungu ndani, ukichungulia unadhani kulungu yuko bafuni. Nikachukua akiba yangu ya pai za viazi vitamu nikaenda dukani. Nilitaka bunduki ya komeo, ile unayovuta chuma kila ukimaliza kupiga, ya kuangusha dume mkubwa, darubini iwe juu yake tayari, na bei iwe ile ambayo mke wa mstaafu anaweza kuitaja bila kutafuta kiti.

Muuzaji, Bwana Tunstall, akaanza kunitembeza kwenye zile za mbao zinazong'aa kama piano. Nikamuuliza, "Kulungu atajua tofauti?" Akasema, "Sidhani, mama." Nikasema, "Basi nipe ya plastiki." Akaniletea nyepesi kama ufagio, eti ya akina mama. Tuliijaribu kwenye uwanja wao wa nyuma, na nyepesi ndizo zinazopiga teke, Shemeji, bega langu likaita jina la mama yangu. Nikachukua iliyoshiba kidogo, inayokula risasi ya kawaida ambayo hata kituo cha mafuta wanauza. Maana bunduki ya bei nafuu yenye risasi za kuagiza ni mtego wa kuvunja ndoa. Skrubu za darubini zilikuwa zinacheza, tukazikaza, basi, nikaipakia kwenye gari nikiimba.

4. Balaa lenyewe. Inapiga sawasawa! Tuliweka sahani ya pai kwenye ukingo wa udongo nyuma ya banda, yadi mia, Delmas akalala kifudifudi akapiga tatu. Matundu yote yangefunikwa na kijibiskuti kimoja cha siagi. Tulirukaruka mle matopeni kama vichaa, tumevaa vizibao vyetu vya rangi ya chungwa, vile vya wawindaji kuonana porini, mpaka kuku wakakimbilia barabarani.

Jumamosi akaenda nayo kwenye dungu. Akatokea dume, akasimama ubavu, karibu hivi, anatafuna mbegu za mwaloni bila haraka. Delmas akampiga. Yaani alipiga; dume hana habari. Hakutikisa hata jani la jirani.

Sasa ona nilichofanya. Zamani alikuwa anasema, "Ni ile darubini." Leo atasema nini? Nimemnyang'anya mume wangu kisingizio cha mwisho, tena kwa fedha za pai! Alirudi kwa mlango wa uani, shati zima, hajamwambia mtu. Tunaojua ni yeye, mimi na dume. Anasema Jumamosi hii atakuletea ufunguo.

Kwa hiyo naiomba Klabu yafuatayo:

(a) Ipige kura na kutamka rasmi kwamba bunduki hii ni mbovu, inapinda kushoto. Akisema Mwenyekiti, Delmas ataamini. Ameamini mengi zaidi ya hayo kutoka kwako tangu utoto.

(b) Ikishindikana, itamke kwamba yule dume si wa Sweetgum. Aliingia kutoka ardhi ya jirani bila kibali, na kumkosa mgeni asiye na kibali si kukosa.

(c) Ikishindikana hilo nalo, bunduki zote zinazopiga sawasawa zipigwe marufuku kambini, tukianza na yako, Shemeji, ile ya mbao ya kung'aa. Wote wakikosa, nani atamcheka nani?

(d) La mwisho kabisa, kulungu wavalishwe vizibao vya rangi ya chungwa ili wawe wanaonekana. Niko tayari kushona, vya majike na vya madume. Kuwavalisha itakuwa kazi ya Kamati.

Naomba jibu kabla ya Jumamosi, maana ameshaanza kuikodolea macho droo yangu ya vijiko.

Msalimie sana Ottilie, mwambie bakuli lake ninalo. Wasalimie wanachama wote, mbwa wao, na Mchungaji, ambaye naye nilikiona kipande chake ukutani.

Ni mimi shemeji yako anayekuheshimu licha ya mashati,

Arvella Purifoy

Nyongeza: Barua haikwenda posta jana. Delmas aliikuta mezani, akaisoma yote, akasema, "Haya, fundi. Kesho dungu ni lako." Leseni ninayo, nikasema sawa, mimi siogopi mnyama anayekula majani.

Shemeji! Alipotokea yule dume na mapembe yale, moyo ukahamia masikioni. Kupumua nilisahau. Kulenga ndiyo kabisa! Nilipiga mbingu ya Alabama. Dume akaniangalia kidogo, akaendelea na chakula chake.

Delmas alicheka mpaka akashindwa kusimama, amekaa chini ya ngazi machozi yanamtoka, anasema, "Umeona? Umeona sasa?" Nimeona. Haki ya Mungu sitamsema tena mtu. Kisha akanibusu, akatoa kisu. Nikapiga kelele, "Delmas, blauzi mpya hii!" Akasema, "Sheria ni sheria, mke wangu." Akakata ya kwangu, halafu akageuka akaniomba nimkate naye shati, kwa lile kosa lake la Jumamosi.

Futa (a) mpaka (d). Vipande vyote viwili vimo ndani ya bahasha hii, vipigilie pamoja. Cha kwangu ni chenye maua. Na habari za ufunguo, Delmas anasema umchongee wa pili, maana sasa tunakuja wawili.