Mlango wa Mama na Ndoo ya Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Dirishani pa ukumbi wa maonyesho ya picha wamemtundika Bwana Mafuta! Yule mchoraji wa rangi za mafuta, mnene wa brashi na mnene wa maringo. Mimi nimetupwa koridoni, karibu na choo. Miaka hamsini napaka rangi za maji, tangu siku nilipoiba buluu ya kufulia nikaimwagia shuka la mama. Nilichapwa, na huku nalia macho yangu yako kwenye ile buluu inavyoenea. Sijapona mpaka leo.

Ijumaa ya wiki ijayo picha moja itachaguliwa ibaki ukumbini daima. Yangu ni mlango wa jikoni kwa marehemu mama. Nani atauona huku anakimbilia haja?

Nimeng'oa kioo cha fremu, kinanizibia rangi. Kisha nikamwambia msimamizi wa ukumbi kwamba mafuta yakipigwa jua huyeyuka, yatamchuruzikia sakafuni, bora tubadilishane nafasi. Akasema atafikiria. Atafikiria!

Jumanne, 5 Machi

Bado anafikiria. Damu inanichemka. Nimesuuza brashi kwenye chai, nikainywa. Mke wangu akasema nitulie, moyo wangu si wa kijana. Nitulie!

Nimemwendea dada wa usafi. Nikamweleza, kwa upole wa kujilazimisha, kwamba picha ya dirishani imeota ukungu, kesho asubuhi aisugue kwa maji na sabuni, asiionee huruma. Akanishukuru kwa kumjali. Sasa tuone hayo mafuta!

Jumatano, 6 Machi

Msimamizi mjinga! Amekwisha fikiria! Jana jioni, bila kuniambia, kamtoa Mafuta dirishani akaniweka mimi.

Nimekuta karatasi nyeupe inadondoka maji. Dada wa usafi, uso wote furaha, akasema ukungu ulikuwa mwingi kweli, ila umetoka wote. Nikafoka hadi sauti ikakauka. Mlango wa mama! Ndipo nikaangalia ndani ya ndoo. Buluu yangu ilikuwa humo, inazunguka taratibu chini ya povu. Nzuri, jamani. Nzuri mno. Nikalia mbele za watu. Nikaondoka na ndoo, dada akanifuata hadi barabarani akidai ni mali ya ukumbi.

Jumamosi, 9 Machi

Mafuta kaja nyumbani kunipa pole. Mnafiki! Kaleta karatasi nzito za pamba, zile ninazozishika dukani na kuzirudisha. Mke wangu akamwandalia chai! Karatasi nimezipokea, ili asipate za kutumia yeye.

Nimechora mlango upya kwa maji ya ndoo. Umeushinda wa kwanza. Ukiutazama unamsikia mama ndani anakuita ukale.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepeleka mlango mpya ukumbini, nikachungulia Mafuta yuko wapi sasa. Mapokezi! Kila anayeingia anaanza na yeye! Nimemwambia dada wa usafi picha ya mapokezi nayo imeota ukungu. Kesho alfajiri, kabla wachaguzi hawajafika, aipige sabuni maradufu na maji ya moto. Kaniahidi.

Jioni msimamizi kaniita. Kumbe Mafuta mwenyewe ameomba ahamie koridoni, ili mlango wangu mpya ukae mapokezi, uonekane kwanza. Dhamira imemsuta, mshenzi! Nimekubali mbio mbio asije akabadili mawazo. Nimeutundika kwa mikono yangu, bila kioo, nikarudi kulala mapema. Kesho nataka niuone uso wa Mafuta akiingia.