Kengele Isiyo na Kibali

Ofisi Kuu ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la lifti yetu kupiga kelele limekwisha kabisa. Mimi, Katibu wa Kamati ya Utulivu wa Mitambo, nilishuhudia.

Mkorofi alikuwa boksi la chuma katika chumba cha mota. Kazi yake ni kuiamsha mota ya lifti polepole, kama mzazi anavyomwamsha mtoto wa shule. Mota ikielemewa au ikipata joto, boksi hukata umeme na kupiga king'ora. Siku moja lilikata huku Mkurugenzi akiwa ndani pamoja na wajumbe wote wa Kamati ya Viburudisho, watu wenye afya zao. King'ora kikalia mbele ya wageni. Mkurugenzi aliona haya, na mkubwa akiona haya, lazima waraka utoke: hakuna kengele kulia wala mtambo kujizima bila kibali chenye sahihi na mhuri wake, na mhuri huo usiguswe na mwingine.

Fundi wa umeme, ambaye jengo zima tunamwita Shangazi, alikuja juu.

"Mkuu, boksi linalia kwa sababu mota inaumwa. Tutafute ugonjwa kwanza."

"Shangazi, linaniaibisha."

"Mota itaungua!"

"Itaungua kwa kibali cha nani?"

Hoja ilikuwa nzito. Shangazi akaamriwa achomoe waya wa king'ora na alipange boksi lijiwashe lenyewe kila likijizima. Tulipiga makofi. Tangu hapo lifti ilitulia, ila ilinuka kidogo.

Jumatatu Waziri alifika ukumbi wa ghorofa ya saba kumpandisha Mkurugenzi kuwa Mkurugenzi Mkuu, cheo alichokililia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mkurugenzi akaingia kwenye lifti peke yake, suti mpya, hotuba mfukoni. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne mota ikaungua kimya kimya, kwa nidhamu ya hali ya juu.

Akagonga mlango. Mlinzi akakimbilia huko kumkataza.

"Mkuu, hizo kelele zina kibali?"

"Kibali natoa mimi, we mjinga!"

"Basi toa, mkuu."

"Mhuri uko mezani kwangu!"

"Ghorofa ya saba," mlinzi akasema kwa huruma. "Na hatuugusi."

Shangazi alikuja na mpini wa kuteremshia lifti kwa mkono, akauegemeza ukutani na kuketi juu ya ndoo. "Mimi sijasikia king'ora," alisema. "Kwangu mambo shwari."

Huko juu Waziri aliniuliza Mkurugenzi yuko wapi. Nilisema kweli tupu: "Mheshimiwa, yuko njiani, anapanda." Akatazama saa. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama karibu zaidi, nimevaa tai.

Sherehe ilipokwisha nilishuka kwa ngazi. Kwenye ghorofa ya nne nilimsikia bado anagonga, na kwa kweli nilimhurumia. Nikamwambia kwa upole aandike maombi, maana sasa mhuri ninao mimi.