Magari Yaanzie Kwangu

Jumatatu, 4 Mei
Mdogo wangu kauza makochi tena! Seti nzima, wanunuzi wameibeba kwa pikapu. Karakana zetu ziko mtaa mmoja, ufundi tulifundishwa na baba mmoja, na mimi ndiye niliyemshikisha msumeno wa kwanza. Leo yeye ana mashine ya kuranda, mimi nina vumbi. Wivu? Ndiyo, wivu! Mama watoto kanikumbusha kwamba ada ya leseni imepanda, nisipolipa mwisho wa mwezi halmashauri inafunga karakana. Eti nikafanye kazi kwa mdogo wangu. Mimi! Kibarua wa mtoto niliyembeba mgongoni!

Alhamisi, 7 Mei
Nimegundua! Wateja wengi wanaingilia upande wa stendi, kwa hiyo wanamkuta yeye kwanza. Mimi naambulia makombo. Sasa halmashauri inataka kupunguza foleni: mtaani kwetu magari yatapita kuelekea upande mmoja tu. Upande gani, bado wanajadili. Nikaenda kwa diwani na stuli mpya, zawadi. Nikamweleza kwamba, kwa usalama wa watoto wa shule, magari yaanzie sokoni. Yaani kwangu. Diwani kaikalia stuli, kasema wazo lina uzito.

Jumatano, 20 Mei
Mabango yamesimikwa! Magari yanaanzia kwangu! Mdogo wangu kaja kuniuliza kama nimesikia, kanywea kweli kweli. Nikampa pole kwa sura ya msibani. Moyoni, shangwe tupu.

Ijumaa, 22 Mei
Mungu wangu. Wateja wanakuja, wanakalia makochi, wanabonyeza mito, wanauliza bei. Kisha wanasema ngoja waangalie na huko mbele. Huko mbele kwa nani? Kwa mdogo wangu! Wakishafika, kurudi hawawezi mpaka wazunguke mji mzima. Basi wananunua hapo hapo. Bwana mmoja alijaribu kunirudia kinyumenyume, trafiki akamdaka mlangoni kwangu. Mteja nikamkosa, na trafiki akaandika faini akiwa amekaa kwenye kochi langu.
Mama watoto kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia apunguze methali.

Jumatatu, 1 Juni
Wamefunga. Kufuli la halmashauri mlangoni, majirani wanatazama. Nimelia, sifichi. Mdogo wangu kaja na hakucheka. Bora angecheka, nipate pa kumchukia. Kaniambia mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nibebe vifaa vyangu twende. Huko shemeji kanipakulia mimi kabla ya mumewe. Hata hilo limeniuma.

Jumanne, 9 Juni
Kazi kwa mdogo wangu ni tele na malipo yanatoka kila jioni. Nyumbani tunakula vizuri, mama watoto kaanza kuimba tena jikoni. Lakini leo mteja kaniita msaidizi! Na mdogo wangu kasikia! Damu ikanichemka. Saa ya chakula nikatoka mbio hadi kwa diwani, nikamwomba mtaa ufungwe kabisa, magari yasipite, watu watembee kwa miguu wapate hewa safi. Tuone makochi yatabebwa na nani! Akione cha mtema kuni!
Diwani kashangaa, kauliza kama siku hizi si kwa huyo mdogo wangu ninakokula. Nikamwambia asinitoe kwenye mada. Kasema atalifikisha kwenye kikao, ila safari hii anahitaji kabati. Hakuna shida. Mbao nitamwomba mdogo wangu.