Programu ya Kliniki Haijui Saa

Jamani, leo nimejiaibisha kliniki ya watoto, mbele ya benchi zima. Uvumilivu uliniishia pale nesi aliposema, "Mama Zaituni, umechelewa. Usajili umefungwa."

Nimechelewa? Mimi! Niliyeamka alfajiri kwa mama yangu Mahurunga, nikapanda bodaboda na mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope, ili Zaituni apate chanjo ya surua? Kichupa cha surua hapa kinafunguliwa siku moja tu kwa wiki. Na wiki ijayo naanza kazi kwenye ghala la korosho. Bosi wa huko hajui surua wala kliniki.

Nikachomoa simu. "Sista, usajili unafungwa saa nne. Sasa hivi ni saa tatu na robo. Soma!"

Akanigeuzia kompyuta. Saa nne na robo.

"Saa siandiki mimi, mdogo wangu. Ukibofya jina la mtoto, programu inaichukua yenyewe. Ikishapita saa nne, inagoma."

"Inaichukua wapi? Jalalani?"

Benchi likacheka. (Hapo walikuwa upande wangu. Nikanogewa.) Nikasema aliyetengeneza programu hiyo arudishwe shule. Nikasema mimi nimeishia kidato cha nne, lakini saa naijua! Nikaomba karatasi, nikaandika lalamiko, jina kamili na namba ya simu, nikalitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Lina kufuli. Halafu nikatangaza kwamba naipigia ile namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani. "Sasa hivi! Mkiwa mnaona!"

Sasa, simu nilikuwa nimeiweka kwenye hali ya ndege tangu Mahurunga, chaji isije kuisha njiani. Nikaiondoa. Nikaiinua juu ili kila mtu ashuhudie. Mtandao ukarudi.

Na saa ikaruka. Kutoka saa tatu na ushee mpaka saa nne na ushee. Mkononi mwangu, juu, wote wanatazama.

Kisha mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaniuliza, "Mwenzangu, jana umelala wapi?"

"Mahurunga."

"Haa! Basi wewe umelala Mahurunga, simu yako imelala Msumbiji. Kule mpakani inanasa mtandao wa ng'ambo ya mto, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Hukupata ujumbe wa 'Karibu Msumbiji'?"

(Niliupata. Niliufuta huku nikisonya.)

Benchi likaangua kicheko. Hata Zaituni akacheka, msaliti yule! Nesi peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Kichupa bado kina dozi," akasema. "Mlete, nitamwandika kwa mkono."

Zaituni kachanjwa. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama lile lalamiko linaweza kutolewa sandukuni.

"Ufunguo anao mganga mfawidhi."

Nikaomba karatasi ya pili. Nayo nimeitumbukiza, jina kamili na namba ya simu:

"Nalalamikia lalamiko langu la kwanza. Programu yenu inajua saa. Aliyeliandika alikuwa bado yuko Msumbiji."